Kufundisha Ufahamu au Kuupima? Tajriba ya Madarasa ya Soin

Utangulizi

Walimu wengi wa Kiswahili tumezoea kukichukulia kipindi cha ufahamu kuwa kipindi cha kupumzika. Mwalimu huingia darasani, hutaja ukurasa, wanafunzi watatu au wanne husoma kwa sauti kwa zamu, kisha darasa zima huinamia madaftari kujibu maswali huku mwalimu akisahihisha insha za darasa jingine. Kengele inapolia madaftari hukusanywa. Kipindi kinachofuata majibu husomwa, alama hutolewa, na darasa huendelea na sarufi. Mwandishi wa makala haya amefundisha hivyo kwa zaidi ya miaka kumi, na hakuna mkaguzi wala mkuu wa idara aliyewahi kumkosoa.

Makala haya yanadai kwamba katika kipindi cha namna hiyo ufahamu haufundishwi bali hupimwa tu. Yanadai pia kwamba udhaifu tunaoulalamikia katika majibu ya fasihi ya shule za upili una chanzo chake hapo, katika miaka ambayo mwanafunzi ana umri wa miaka kumi na miwili hadi kumi na mitano. Mwanafunzi aliyezoea kuokota majibu katika kifungu hataweza kuisoma riwaya, na asipoweza kuisoma riwaya atanunua mwongozo umsomee. Mifano inatoka Soin, upande wa chini wa Kaunti ya Kericho, ambako joto huongezeka na miwa huchukua nafasi ya majani chai kadiri mtu anavyoteremka kuelekea nyanda za Kano. Hata hivyo, ninaamini walimu wa Bomet, Kakamega au Kwale watayatambua madarasa yao humu.

Kifungu kisicho na maana

Mwaka 2023, Sekondari Msingi zilipoanzishwa katika majengo ya shule za msingi chini ya Mtaala wa Umilisi, mwalimu mwenzangu wa shule jirani alinialika nimsaidie kwa vipindi vichache. Alisema wanafunzi wake walipata alama nzuri katika ufahamu lakini "hawasomi". Sikumwelewa mara moja. Nilipowauliza kuhusu hadithi waliyoisoma wiki iliyotangulia, ambayo wengi walikuwa wamepata alama kumi na zaidi kwa kumi na tano, hakuna aliyeweza kunieleza kwa maneno yake kilichotokea.

Siku iliyofuata niliandika ubaoni sentensi hii ambayo niliitunga nikiwa njiani: "Mzelo alipobwenya vizunde viwili, alidimbuka kwa Mafiro huku akizunyika kwa tebo." Kisha niliuliza maswali manne. Mzelo alibwenya nini? Alibwenya vizunde vingapi? Alidimbuka kwa nani? Ni nini kinachoonyesha kwamba Mzelo alizunyika?

Darasa zima lilijibu. Vizunde. Viwili. Kwa Mafiro. Swali la nne liliwasumbua kidogo, lakini msichana mmoja aliandika: "Inaonyesha kwamba Mzelo alizunyika kwa sababu alizunyika kwa tebo." Kwa mizani ya kawaida ya usahihishaji, darasa hilo lingepata alama nzuri katika kifungu ambacho hakina maana yoyote, hata kwangu mimi niliyekitunga. Nilipowafichulia kwamba maneno hayo hayamo katika kamusi yoyote walicheka sana. Mwalimu mwenzangu hakucheka.

Jaribio hili linaonyesha mambo mawili. Kwanza, muundo wa Kiswahili humsaidia sana mwanafunzi anayeokota majibu. Upatanisho wa kisarufi humwonyesha kwamba "viwili" ni vya "vizunde", na viambishi vya kitenzi humwambia nani alitenda na lini. Mwanafunzi anayezimudu ngeli anaweza kujibu maswali mengi bila kuelewa lolote. Hiyo ni sifa ya lugha yetu, lakini humfanya mwalimu asigundue tatizo. Pili, kosa si la wanafunzi. Walifanya tulichowafundisha: tafuta katika kifungu neno lililo katika swali, kisha nakili maneno yaliyo jirani nalo.

Kupima kunakojiita kufundisha

Kasoro hii si ya Kenya pekee. Mtafiti Mmarekani Dolores Durkin alichapisha mwishoni mwa miaka ya 1970 utafiti ambao bado unastahili kusomwa na kila mwalimu wa lugha. Alikaa katika madarasa ya gredi ya nne akihesabu dakika. Katika dakika 4,469 za vipindi vya kusoma alivyovishuhudia, ni dakika chache sana tu zilizotumiwa kuwafundisha wanafunzi namna ya kuelewa. Muda mwingine ulikwenda kwa kutoa mazoezi, kuuliza maswali na kukagua majibu. Walimu wale walikuwa na bidii na waliamini kwamba walikuwa wakifundisha.

Nilijaribu kujihesabia dakika zangu kwa muhula mmoja. Sitaitoa hesabu hiyo hapa kwa kuwa haikufanywa kitaalamu, ila nakiri kwamba ilinifedhehesha. Nilikuwa nikimwambia mwanafunzi "soma tena kwa makini" kana kwamba umakini ni dawa, bila kumwonyesha macho na akili yake vifanye nini anaposoma tena.

Ni kweli kwamba mtihani umechangia. Katika KCSE, karatasi ya pili ya Kiswahili hutenga alama 15 kwa ufahamu kati ya 80, na mwanafunzi anayeokota kwa ustadi hupata sehemu nzuri ya alama hizo. Lakini hata humo kuna swali linalomnasa: eleza maana ya maneno yafuatayo kama yalivyotumiwa katika kifungu. Mwokotaji huandika maana aliyoikariri kutoka kamusini, hata kama neno limetumiwa kwa kejeli. Karatasi ya tatu, ya fasihi, yenye alama 80, ndiyo humwumbua kabisa, kwa kuwa swali la fasihi haliulizi maneno yako wapi. Huuliza yanafanya nini.

Riwaya na mwongozo

Tuchukue mfano wa Kidagaa Kimemwozea, riwaya ya Ken Walibora iliyochapishwa 2012 na kutahiniwa katika KCSE miaka iliyofuata. Wanafunzi wangu wa wakati huo walijua kwamba Mtemi Nasaba Bora ni katili, dhalimu na mwenye tamaa. Walizijua sifa hizo kwa mpangilio uleule, kwa kuwa miongozo iliziorodhesha kwa mpangilio huo. Wachache sana walitambua kwamba jina lenyewe ni kinaya: nasaba ni ukoo, nayo nasaba hii inaitwa bora. Kwao Nasaba Bora lilikuwa jina tu, kama Mzelo.

Mfano wa Mwalimu Majisifu una uzito zaidi. Mhusika huyu anajisifu kwa kitabu ambacho hakukiandika. Aliuiba mswada wa kijana Amani. Mswada ulioibwa unaitwa Kidagaa Kimemwozea, yaani jina lilelile lililo juu ya jalada la kitabu alichokishika mwanafunzi. Walibora anamwachia msomaji afanye hesabu hiyo mwenyewe. Katika darasa moja la wanafunzi arubaini na zaidi, niliuliza kama kuna aliyeshangazwa na jambo hilo. Hakuna. Walikuwa wameisoma sentensi inayolitaja, na wangeweza kuinakili lau ningeiuliza. Hawakuwa wameiunganisha na kitabu kilichokuwa mikononi mwao.

Isitoshe, anwani yenyewe iliwapita. Wanafunzi wa Soin wanamjua dagaa vizuri ila wanamwita omena, kama majirani zetu Waluo wanaomleta sokoni Sondu. Nilipowauliza mwenye biashara hufanya nini omena akianza kunuka kabla hajanunuliwa, walieleza kwa undani: hupunguza bei, huchanganya na wa jana, huwaita wanunuzi kwa sauti zaidi, na mwishowe watu hupita wakiziba pua. Hapo ndipo nilipowauliza: ni nani katika riwaya hii anayepiga kelele zaidi kadiri mambo yanavyomharibikia? Mikono iliinuka. Walikuwa na maarifa yote waliyoyahitaji ili kuielewa anwani, lakini hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba maarifa ya sokoni yanaruhusiwa kuingia katika kitabu.

Jibu ambalo halipo

Mtaala wa Umilisi unataja ufasiri miongoni mwa stadi za kusoma kwa ufahamu, pamoja na kudondoa habari mahususi na kufanya utabiri. Hilo ni jambo jema. Hata hivyo, stadi haiingii darasani kwa kutajwa katika mtaala. Vifungu vingi tunavyovitumia ni insha za mawaidha kuhusu usafi, dawa za kulevya au mazingira. Mwandishi wa kifungu cha namna hiyo husema kila kitu, kisha hukirudia katika aya ya mwisho. Hakimwachii msomaji kazi yoyote. Kwa hivyo niliamua kuandika vifungu vyangu, vifupi, vyenye msamiati mwepesi, ambavyo jambo kuu halisemwi. Kimojawapo ni hiki:

"Mama alirudi nyumbani jua likiwa bado halijafika utosini. Aliweka kapu lake nyuma ya mlango, mahali ambapo hakuwahi kuliweka. Chebet alimuuliza kama amechoka. 'Ningechokea wapi?' mama akajibu. Kutoka ng'ambo ya bonde ulisikika mlio wa mashine ukipanda na kushuka. Chebet alichukua fomu ya shule iliyokuwa mezani, akaikunja mara mbili, akaitia ndani ya kitabu."

Kifungu hiki kina sentensi sita tu. Maswali yalikuwa matatu. Mama alirudi wakati gani? Kwa nini aliliweka kapu nyuma ya mlango? Kwa nini Chebet aliikunja fomu?

Swali la kwanza halikumsumbua yeyote. La pili lilizua kimya. Kisha msichana aliyekuwa akiongoza darasa, ambaye hupata kumi na nne kwa kumi na tano kila mara, aliinua mkono na kusema, kwa hasira kidogo: "Mwalimu, jibu halipo." Nilimwambia kwamba amesema kweli, halipo katika sentensi yoyote, na kwamba hiyo ndiyo kazi ya leo. Aliketi bila kuridhika. Naamini alihisi nimemdhulumu. Alikuwa amefuata kanuni zote tulizompa, nasi tukazibadilisha bila taarifa.

Mvulana wa nyuma, ambaye si hodari katika sarufi, alisema polepole kwamba kapu halitatumika tena. Nilimuuliza swali ambalo tangu siku hiyo limekuwa nguzo ya vipindi vyangu: "Umejuaje?" Alitaja mlio wa mashine. Kuwako mashine za kuchuma majani chai katika mashamba makubwa ya Kericho si habari ngeni kwa mtoto yeyote wa huku. Wazazi na jamaa wa baadhi yao hupanda milimani kuchuma chai, na Mei 2023 baadhi ya mashine hizo zilichomwa moto katika maandamano. Darasa lilichangamka. Mmoja alidai mama ni mgonjwa. Wenzake walimwuliza amejuaje, akakosa neno la kushikilia. Mwingine alidai mama ameiba kapu. Naye aliulizwa, akarudi kwenye kifungu, akaona "kapu lake", akakubali mwenyewe kwamba amekosea. Kuhusu fomu, jibu lililokubaliwa na wengi lilikuwa kwamba fomu inataka pesa na Chebet hataki mama aione siku hiyo. Umejuaje? "Kwa sababu aliikunja baada ya mama kujibu, si kabla."

Mhakiki yeyote wa fasihi angeliheshimu jibu hilo. Limetumia mfuatano wa matukio kama ushahidi wa nia ya mhusika. Aidha, linaonyesha kwamba ufasiri si ruhusa ya kusema lolote. Baadhi ya walimu huogopa kuwa tukiwaachia wanafunzi wafasiri, kila mmoja atakuwa na jibu lake na usahihishaji utashindikana. Tajriba yangu ni kinyume. Anayenakili hatakiwi kutetea jibu lake. Anayefasiri hulazimika kurudi katika kifungu mara nne au tano kutafuta neno la kumtetea, na katika kurudi huko ndiko kusoma kwa makini tulikokuwa tukikuamuru bila kukufundisha.

Mbinu na mipaka yake

Mbinu ninayoifuata sasa imejengwa juu ya kazi ya Annemarie Palincsar na Ann Brown, walioieleza mwaka 1984 baada ya kuwafundisha wanafunzi wa gredi ya saba walioweza kusoma maneno lakini hawakuelewa walichokisoma. Wanafunzi katika vikundi vidogo hupokezana nafasi ya mwalimu na kufanya mambo manne kwa kila aya: kufupisha, kuuliza swali, kufafanua palipo na utata, na kutabiri kitakachofuata. Mwanzoni mwalimu hufanya yeye mwenyewe kwa sauti, darasa likimsikiliza anavyofikiri, kisha hurudi nyuma polepole. Mimi nimeongeza la tano, "Umejuaje?", ambalo mwanakikundi yeyote anaweza kumuuliza mwenzake, na hata mwalimu.

Walimu wenzangu wameleta pingamizi tatu zinazostahili kujibiwa. Ya kwanza ni kwamba wanafunzi wetu hawana msamiati, na asiyejua maneno hawezi kufasiri. Ni kweli. Kwa wengi wa wanafunzi wa Soin, Kipsigis ndiyo lugha ya nyumbani, nacho Kiswahili hukutana nacho shuleni, kanisani na sokoni. Ndiyo maana vifungu vya kufundishia ufasiri sharti viwe vyepesi kimsamiati. Tukichanganya maneno mapya thelathini na wazo lililofichika, tutakuwa tumepima kamusi. Msamiati una kipindi chake.

Pingamizi la pili linahusu lugha ya majadiliano. Ninawaruhusu wanafunzi kubishana kwa Kipsigis kikundini mradi jibu waliandike na kulitetea kwa Kiswahili. Jambo hili limenigombanisha na baadhi ya walimu, kwa kuwa ziko shule ambazo bado humwadhibu mtoto kwa kusema lugha ya mama. Lakini mtoto huyu hutegua vitendawili kwa lugha hiyo nyumbani. Akiwa Sondu na mama yake, husikia mwenye mbuzi akisema "hiyo ndiyo bei ya mwisho" na hujua, bila kufundishwa na yeyote, kwamba siyo ya mwisho. Anajua kusoma kisichosemwa. Tukimfungia stadi hiyo nje ya mlango wa darasa kwa sababu ya lugha iliyokuja nayo, tutalazimika kuanza kumfundisha upya jambo analolijua.

Pingamizi la tatu ni muda. Kipindi ni dakika arubaini na silabasi ni pana. Hapa sina jibu la kuridhisha kikamilifu. Kifungu cha sentensi sita kilinichukulia kipindi kizima, na wenzangu walikuwa wamemaliza vifungu viwili. Wala sitadai kwamba alama zilipanda. Katika majuma ya kwanza za baadhi ya wanafunzi zilishuka, kwa kuwa waliacha kunakili sentensi nzima na kuanza kuandika kwa maneno yao yenye makosa ya tahajia na upatanisho. Yule msichana wa kumi na nne alipata tisa. Alikuja ofisini kulalamika na nilimpa haki yake: nilimwonyesha kwamba katika tisa hizo, nne zilikuwa za maswali ambayo hapo awali asingeyajibu kabisa. Aliliangalia daftari kwa muda. Juma lililofuata alirudi na swali kuhusu kifungu cha Chebet: je, mama aliliweka kapu nyuma ya mlango ili asilione yeye mwenyewe, au ili watoto wasilione? Sikuwa nimeliwazia. Nilimuuliza ana maoni gani, naye akasema yote mawili yanawezekana, kwani kifungu hakijaegemea upande wowote, na kwamba angependa sentensi moja zaidi ili aamue.

Hitimisho

Jambo lililo hatarini hapa ni kubwa kuliko alama 15. Tangu Kiswahili kilipofanywa somo la lazima na la kutahiniwa chini ya mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985, tumefaulu kulea watu wengi wanaoweza kukisoma kwa sauti. Mfumo huo unakamilika na KCSE yake ya mwisho imepangwa kufanywa 2027. Wanafunzi wa mtaala mpya watakutana na mikataba ya miwa, matangazo ya mikopo kwenye simu na ahadi za wanasiasa, ambamo jambo la muhimu mara nyingi halisemwi waziwazi. Atakayekuwa amezoea kuuliza "wamejuaje?" atakuwa na kinga kidogo. Naye atakayeendelea kuisoma fasihi hatahitaji mtu wa kumwambia kwamba Nasaba Bora ni kinaya.

Kwa hivyo ninawapendekezea walimu wenzangu mambo matatu yasiyohitaji bajeti. Kwanza, mwalimu atunge sentensi ya maneno yasiyo na maana, aulize maswali yake ya kawaida, na aone ni wangapi watajibu. Hapo atajua ni maswali yapi ya kuacha. Pili, kila juma atumie kifungu kimoja kifupi chenye jambo lisilosemwa, na akikosa kitabuni akiandike mwenyewe kuhusu maisha ya pale anapofundisha. Tatu, asilipokee jibu lolote la ufahamu, hata lililo sahihi, kabla ya mwanafunzi kuonyesha neno lililomfikisha hapo. Walimu watakaojaribu watuandikie kupitia kurasa hizi, hasa wale ambao mbinu hii itawashinda, ili tujue ilishindwa wapi.